Wanawake wa Kofia ya Fedha

Mara ya kwanza kuiona kofia ile, ilikuwa ndani ya foronya iliyofungwa fundo, kwenye mapaja ya mama mmoja wa Kikurdi huko Lozells. Nilikuwa nimekwenda kumwogesha, kwa kuwa kazi yangu hapa Birmingham ni kutunza wazee majumbani mwao. Nikamkuta hataki kuoga wala kunywa chai. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameikumbatia foronya kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kutoroka. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, amechoka kubishana.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutulia. Nilizaliwa Taita, nikamaliza kidato cha nne, nikateremka Mombasa, nikavuka hadi Maskati kufanya kazi za nyumbani, nikarudi, nikaondoka tena. Sasa nina miaka arobaini na kitu, ninaishi Stechford karibu na stesheni ya treni, na wenzangu wa kanisani husema niliichagua nyumba ile ili nisisumbuke na mizigo siku nitakapohama. Siwalaumu. Kila mji nilioishi nimeuacha nikiupenda, na nimeanza kuukumbuka kabla basi halijatoka stendi. Lakini kuzurura kulinipa vitu viwili vilivyonifaa asubuhi ile: Kiarabu cha Maskati, hasa kile cha jikoni, na mazoea ya kutazama mapambo ya fedha.

Mazoea hayo niliyapata Mombasa, nilipokuwa muuzaji katika duka la sonara wa Kihindi. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya kabati la kioo na kusifu bidhaa. Watu walipoleta bangili za zamani kuuza, mwenye duka aliniambia nizigeuze kwanza, maana kwa mbele kila pambo limejipodoa. Pale dukani ndipo nilipoelewa pia kwamba pambo husafiri kuliko mwenye kulivaa. Bangili nyingi za mabibi wa pwani zilifuliwa na Wahindi, kwa fedha iliyoyeyushwa kutoka kwenye sarafu zenye sura ya malkia wa Ulaya. Sijasikia mtu aliyemwambia bibi wa Mji wa Kale kwamba bangili zake si zake kwa sababu yule malkia hakuwa shangazi yake.

Yule mama alizungumza Kikurdi, na Kiarabu alichojifunza ukubwani mjini, kabla ya kuletwa huku na mwanawe. Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni na changu cha jikoni, tukawa tunakutana mlangoni. Aliniita binti, nami nilimwita Mama. Nilipokaa karibu naye aliniambia, bila kumtazama mwanawe, kwamba kijana huyu anamnyang'anya yeye mama yake mzazi.

Huyo "kijana" ana mvi. Tukiwa sebuleni alinieleza mambo yalivyokuwa. Mtoto wake wa kiume, mjukuu wa Mama, alikuwa anakaribia kuoa, na Mama alitaka bibi harusi avae kofia ya familia. Watu wa bibi harusi wanatoka mji mkubwa huko Kurdistani na wanaijua fedha. Shangazi zao wakiingia harusini hutazama kichwa cha bibi harusi kabla ya uso. Basi kwa tahadhari bwana huyo akaipeleka kofia kwa muuza vitu vya kale mmoja wa mtaa wa Harborne. Yule mtu akalitazama pambo la mbele lenye mawe mekundu ya akiki, akasema kazi hii ni ya Waturkmeni, watu wengine kabisa wa mashariki. Ni kitu kizuri, alisema, ila si cha Kikurdi.

Toka siku hiyo mwana wa Mama aliamini kwamba babu yake, baba mzazi wa Mama, aliinunua kofia sokoni baada ya kukimbia vita, akampa mtoto aliyefiwa na mama, akamwambia ni ya mama yako.

"Simwiti mama mwongo, dada," aliniambia. "Nasema alikuwa mtoto."

Ni kweli alikuwa mtoto. Ndege zilipopiga kijiji chao walikimbilia milimani, na mama yake akafia njiani wakati wa kuvuka mpaka, kwenye theluji. Hakuna picha yake. Kaburi, kama lipo, hakuna aliyewahi kurudi kulitafuta. Kilichobaki ni kofia. Niliporudi chumbani kumwandalia maji, Mama alisema maneno niliyokwenda nayo hadi Stechford siku hiyo:

"Kama si yake, basi miaka yote nimemlilia mtu mwingine."

Baada ya kuoga alikubali kunionyesha. Ilikuwa kofia ya kitambaa kigumu, rangi yake imeshapotea, imefunikwa visahani vyembamba vya fedha vinavyopandana kama magamba ya samaki. Kwenye paji la uso palikuwa na lile pambo la akiki. Pembeni, juu ya masikio, kulikuwa na kulabu mbili pana zenye nakshi nyeusi, na kati ya kulabu hizo mkufu wa kupita chini ya kidevu. Safu ya sarafu ilizunguka ukingo. Nilimwomba ruhusa niigeuze. Ndani yake kulikuwa na nyuzi za kila namna, nyingine za sufu, nyingine za pamba, mishono ya mkono mzuri na mishono ya mkono wenye haraka. Sikujua maana yake, na nilimwambia hivyo. Lakini moyoni nilihisi kwamba yule mtu wa Harborne hakuigeuza.

Katika makumbusho moja mjini huwa kuna siku watu wanaruhusiwa kuleta vitu vyao vya zamani vikatazamwe. Mke wa yule bwana, yaani mkaza mwana wa Mama, aliposikia hivyo alisema yuko tayari kwenda. Ni mwanamke mpole, mfupi, anayezungumza Kiingereza cha Birmingham kuliko wenyeji. Mama akatoa sharti moja: mimi niende pia. Alimwambia mkaza mwanawe kwamba huyu binti anatazama nyuma. Basi siku yangu ya mapumziko tukapanda basi la mjini, mkaza mwana ameiweka foronya ndani ya mkoba wa kubebea vyakula, mimi nimekaa upande wa nje kama askari.

Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Nilimpenda tangu alipovaa glavu, akaichukua kofia kwa mikono miwili, na kitu cha kwanza akaigeuza. Kisha akatueleza kipande kwa kipande, na kila mara alianza kwa kusema "ninavyofikiri."

Visahani, alifikiri, ni kazi ya milima ya Kurdistani yenyewe, vimegongwa juu ya kalibu moja, kazi iliyofanywa sana na masonara wa Kiyahudi wa miji ya huko. Mkufu wa kidevuni nao ni wa hukohuko, wa kawaida, umevaliwa mpaka pete zake zimekonda. Kulabu zenye nakshi nyeusi zinafanana na kazi ya Waarmenia wa upande wa ziwa Van, huko Uturuki. Sarafu ni za Uajemi. Na pambo la akiki kweli lina mkono wa Kiturkmeni, wa mbali sana, mashariki. Yule muuza vitu wa Harborne hakukosea kuliona, alikosea kulifanya ndilo kofia nzima. Mwisho akaweka kidole kwenye kisahani kimoja, nyuma karibu na kisogo.

"Hiki si fedha kabisa," alisema. "Ni aluminiamu. Kimekatwa kwa mkasi."

Nilimwuliza kwa nini vitu vya nchi mbalimbali viko kwenye kofia moja. Akasema kuna njia mbili. Ama familia iliikusanya polepole kwa miaka mingi, ama mfanyabiashara alikuwa na mabaki ya mapambo yaliyovunjika akayashona pamoja ili apate kuuza. Ameona ya namna zote mbili. Fedha inaweza kumwambia ilikofuliwa. Haiwezi kumwambia ilikuwa ya nani. Alituomba jambo moja: tukirudi nyumbani tusimsimulie Mama aliyotuambia. Tumuulize kwanza, tumsikilize, ndipo tulinganishe.

Kwenye basi mkaza mwana aliupakata mkoba kwa mikono miwili mpaka tulipokaribia kushuka. Kisha akasema kwamba katika maneno yote yale, mume wake atasikia neno moja tu: mfanyabiashara.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jikoni alimsikiliza mkewe, akaitikia kwa kichwa, akasema basi ni mabaki ya soko. Alipofikia habari ya aluminiamu hata alicheka, ila si kwa furaha. Aliniuliza mimi, kana kwamba ndimi mwenye kosa, ni mwanamke gani anayevaa kipande cha bati harusini. Watu wa bibi harusi wataona, alisema, na watakaoaibika ni sisi. Alisema atamnunulia mkwe wake taji jipya la dhahabu, na kofia itabaki kwa mama kama kumbukumbu. Niliona anavyojitahidi kuwa mwana mwema, na jinsi wema wenyewe ulivyokuwa unamuumiza mama yake.

Asubuhi yangu iliyofuata pale, nilimkuta Mama ameamka ananisubiri. Nilimwogesha, nikamvika, nikaiweka kofia mapajani mwake. Nilikuwa nimefikiria sana namna ya kuuliza. Mwanawe, mjukuu wake, hata yule wa Harborne, wote walikuwa wameuliza swali moja: kofia hii inatoka wapi? Naye alikuwa na jibu moja: kwetu. Nikawakumbuka wanawake wa Mombasa waliokuja dukani na bangili zao. Ukiwauliza zilinunuliwa wapi, hawajui. Waulize walipewa na nani, utakaa pale hadi duka lifungwe. Basi nikaweka kidole juu ya akiki, nikamuuliza, "Hii alikuja nayo nani?"

Mama alinitazama, kisha akautazama mlango. Akaniambia niufunge, lakini kwanza nimwite mkaza mwanawe.

Mkaza mwana akaja akifuta mikono. Mama akamwambia akae kitandani. Akatueleza, mara kwangu kwa Kiarabu, mara kwake kwa Kikurdi, kwamba haya hayasemwi ovyo. Katika nyumba ya baba yake, bibi harusi alipoingia alitakiwa kufumua kipande kimoja kutoka kwenye mapambo yake ya kichwani na kukishona kwenye kofia ya mama mkwe, ionekane kwamba amekuja kukaa. Wakati anashona, mwanamke mkubwa wa nyumba alimtajia waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikotoka. Wanaume walitolewa nje. Yeye aliyasikia akiwa mtoto, siku aliyoletwa mke wa ami yake. Bibi yake alikuwa ameshafariki, na mama yake ndiye aliyetaja. Mama yake alipofariki hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo kofia haikuwa na mahali pa kwenda, ikabaki naye. Mwanawe alipooa, harusi ilifungwa hapa Birmingham katika ofisi ya serikali, saa za chakula cha mchana, na yeye alikuwa bado ng'ambo akisubiri karatasi. Hakuna aliyeshona, hakuna aliyetaja.

Kisha akarudisha kidole changu kwenye akiki.

Huyu, alisema, ni mama mzaa babu yangu. Alitoka mashariki ya mbali, kwa Wakurdi ambao zamani walihamishwa na mfalme wa Uajemi wakalinde mpaka, na majirani zao kule walikuwa Waturkmeni. Baba yake alifuata biashara ya farasi mpaka kwetu, akamwoza huku. Alilia mwaka mzima, halafu akawa ndiye mkali kuliko wote.

Mkaza mwana alinishika mkono. Hatukuwa tumemwambia Mama neno lolote.

Kidole chake kikaenda kwenye kulabu. Huyu ni bibi yangu, mzaa baba. Alikuja kutoka upande wa ziwani akiwa yatima, katika miaka ile watu wa huko walipokuwa wanauawa. Alikuwa amezishona kulabu ndani ya gauni. Alilelewa nyumbani humo, akaolewa humo. Hakusema jina la watu wake, na hakuna aliyemlazimisha.

Sarafu za ukingoni ni za mke wa ami, Mkurdi wa upande wa Uajemi, mcheshi, aliyekuja na ngoma. Visahani ni vya mwanzo kabisa, kazi ya ukoo wa masonara wa Kiyahudi wa mjini kwao, watu walioheshimiwa; siku moja wakahama wote, na wanawake wakabaki bila wa kuwatengenezea.

Alipofika kwenye mkufu hakuugusa kwa kidole. Aliushika kwa mkono mzima. Huyu ni mama yangu, alisema. Alitoka kijiji cha bondeni, hawakuwa na kitu, akaleta mkufu. Alisema anakumbuka alivyokuwa akiuvuta akiwa amebebwa, na mama yake akimpiga vidole.

Nilibakiza kile kisahani cha kisogoni. Niliogopa kukiuliza, maana hicho ndicho kilichokuwa kimemchekesha mwanawe jikoni. Lakini yule mtaalamu alisema tuulize. Nikauliza. Mama akakipapasa bila kutazama, akacheka, akaacha kucheka.

Hicho ni cha baba, alisema. Walipokuwa wamejificha pangoni kabla ya kuvuka, kisahani kimoja kilikatika kikapotelea kwenye majabali. Mama yake alisikitika kuliko ilivyostahili, kwa jinsi mambo yalivyokuwa. Basi baba yake akachukua mfuniko wa sufuria, akakata kisahani cha duara kwa mkasi wa kunyolea kondoo, akakitoboa kwa msumari, akakishona mwenyewe.

"Mama akamwambia, sasa na wewe umeolewa katika nyumba hii," alisema. "Tukacheka sote. Baada ya hapo sikumsikia akicheka tena."

Hakuna mfanyabiashara ambaye angeshona kipande cha mfuniko wa sufuria kwenye mali anayotaka kuuza. Nilijua hivyo kwa miaka yangu ya kusimama nyuma ya kabati la kioo, na mkaza mwana alijua bila hata miaka hiyo. Tulikuwa tunalia sote wawili, na Mama alikuwa anatutazama kwa mshangao, maana kwake hakuna jipya lililokuwa limetokea.

Nje ya mlango mbao za sakafu zililia, kisha ngazi. Tuliposhuka, mwanawe alikuwa jikoni anaosha vikombe vilivyokuwa safi tayari. Alisema, akiwa ametupa mgongo, kwamba bibi harusi atavaa kofia ya nyumbani. Hakutuuliza kitu.

Siku ya kushona ilikuwa Jumamosi kabla ya harusi, mchana, chumbani kwa Mama. Bibi harusi alikuwa amenunua kisahani kidogo cha fedha katika mtaa wa masonara hapa mjini, na nyuma yake kulikuwa na muhuri wa nanga. Mama akauliza nanga inatafuta nini kwenye fedha. Akaambiwa ndiyo alama ya fedha iliyopimwa Birmingham.

"Mji huu una bahari?"

"Hauna, bibi."

Mama akasema basi watakaokuja kuitazama kofia hii baadaye Mungu awasaidie. Lakini hakumruhusu bibi harusi aanze. Alimgeukia mkaza mwanawe, ambaye alikuwa ameleta sinia ya chai na alikuwa anatoka, akamwambia kwamba wewe ndiye wa kwanza.

Sijui kama nitaweza kueleza uso wa yule mwanamke. Alikuwa amepika na kufua katika nyumba ile miaka mingi, amelea, amezika watoto wawili kabla hawajazaliwa, amembeba mama mkwe wake kabla shirika letu halijamleta mtu wa kusaidia. Alitoka, akarudi na hereni moja ya fedha aliyopewa na mama yake. Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Alimwambia Mama kwa sauti ndogo, "Miaka yote hii hukuwahi kuniambia." Mama akajibu, "Nawe hukuwahi kuuliza." Kisha akaanza kutaja tangu mwanzo, na sindano ikaingia.

Mimi hawakunishonesha chochote, wala sikutegemea. Ile si nyumba yangu. Nilitunga uzi mara mbili, mara ya pili kwa bibi harusi, na nilijiona mtu mkubwa. Nimepita miji mingi nikitazama mapambo ya watu kwenye vioo, na bei zake. Siku ile nilikaa upande wa ndani.

Harusini nilialikwa, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakalishwa karibu na kiti cha Mama. Bibi harusi alipoingia na kofia, visahani vilitoa sauti kama mvua ndogo kwenye mabati, na shangazi za upande wake wakasimama ili waone vizuri. Mkubwa wao, mama aliyejaa dhahabu kuanzia shingoni hadi kiunoni, alikuja hadi meza yetu. Alimwuliza mwana wa Mama, kwa heshima lakini kwa jicho la mtu anayepima, kofia hii ni ya wapi. Mkaza mwana alinitafsiria sikioni.

Bwana yule akasimama. Nilidhani atasema jina la mji. Badala yake alianza kwa bibi aliyetoka mashariki na baba yake wa farasi. Akaja kwa yule yatima wa ziwani. Akamtaja na mke wa ami, mcheshi, aliyekuja na ngoma. Watu wa meza za jirani wakaanza kugeuza viti. Mama alikuwa anamtazama mwanawe kwa mdomo wazi, kisha akamvuta mkono wa koti.

"Umemruka mama yangu," alisema. "Na wewe nani alikwambia haya?"

Mwanawe, mtu mwenye mvi, akawa mwekundu mbele ya wakwe.

"Mlango wako ni mwembamba, mama."

"Basi simama vizuri," Mama alisema. "Anza upya."

Akaanza upya, kwa sauti iliyofika mwisho wa ukumbi, na safari hii alipofika kwenye mkufu alimsubiri mama yake aitikie kwa kichwa kabla ya kuendelea.